Mtu wa Puge Anaitwa Nani? Majina Tunayopewa na Majina Yetu Wenyewe



Puge ni kata iliyo katika Wilaya ya Nzega, kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega. Mtu aliyezaliwa Puge akishuka Tabora au Sikonge, wazee wa huko waweza kumwita Msukuma. Akigeuza njia na kupanda kuelekea Shinyanga na Mwanza, huko ataitwa Mdakama. Nyumbani kwake hajitambulishi kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Ukimwuliza, atakujibu kwamba yeye ni Mnyamwezi. Na akikuona u mtu wa karibu, ataongeza jina la utemi wa mababu zake. Mtu ni yuleyule, lugha yake ni ileile, lakini jina lake hubadilika kadiri ya mahali aliposimama yule anayemwita.

Tunapenda kulitafakari jambo hili pamoja nanyi, kwa kuwa si la wanahistoria peke yao. Kila juma katika ofisi za parokia zetu tunaandika majina: ya watoto wanaobatizwa, ya wachumba wanaotangazwa kanisani, ya vijiji walikozaliwa na ya marehemu tunaowaombea. Kila Dominika tunataja mbele ya umati majina ya watu na ya mahali. Je, majina hayo ni yale ambayo wenyewe wanajiita, au ni yale ambayo wengine wamewapachika? Na kama ni ya kupachikwa, je, kuna ubaya wowote? Hapa Unyamwezi, penye njia kuu ya misafara ya kale, maswali hayo yana historia ndefu, nayo yaweza kutufundisha namna ya kuishi na jirani.

Majina yaliyotoka katika pande za dunia

Kinyamwezi na Kisukuma ni lugha ndugu. Katika lugha hizo, sukuma maana yake ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Kwa hiyo Msukuma, kwa asili ya neno, ni mtu wa kaskazini, na Mdakama ni mtu wa kusini. Majina haya yalifanya kazi kama neno "jirani". Hakuna mtu aliye jirani akiwa peke yake. Huwa jirani wa fulani. Vivyo hivyo hapakuwa na mtu aliyekuwa Msukuma kwake mwenyewe. Alikuwa Msukuma kwa yule aliyekaa kusini mwake. Kwa mtu wa Tabora, kaskazini ilianzia karibu. Kwa mtu wa Nzega, ilianzia mbele zaidi. Ndiyo maana mtu wa Puge, akiwa katikati ya njia, hupokea majina mawili yanayoelekea kupingana, na yote mawili yana ukweli ndani yake.

Zamani mtu alijitambulisha hasa kwa utemi wake. Alikuwa mtu wa Unyanyembe, wa Uyui, wa Ugunda, au wa utemi mwingine kati ya temi nyingi zilizokuwapo, kubwa na ndogo. Kila utemi ulikuwa na mtemi wake, matambiko yake na mipaka yake. Jina moja la kuwakusanya wote halikuhitajika sana, maana hapakuwa na mtawala mmoja wala kodi moja iliyowakusanya.

Baadaye zikaja serikali za kikoloni, ya Wajerumani kwanza na kisha ya Waingereza. Serikali hupenda orodha, na orodha hupenda jina moja lisilobadilika. Neno lililokuwa likisogea pamoja na msemaji likafungwa mahali pamoja: huku ni Usukuma, huku ni Unyamwezi, na kati yao pana mstari. Leo Wasukuma ndio kabila lenye watu wengi kuliko yote katika Tanzania, nao hulibeba jina hilo kwa fahari. Jina lililoanza kama neno la kuonyesha upande limekuwa mali yao kweli. Basi tangu mwanzo tuone jambo moja: jina la kupewa laweza kugeuka kuwa jina la mtu mwenyewe, mradi mwenyewe alipokee.

Jina lililopanda kutoka pwani

Na Wanyamwezi je? Wataalamu walio wengi wanakubaliana kwamba jina hili halikuzaliwa Unyamwezi, bali lilitoka pwani. Wapo wanaolifasiri kuwa ni watu wa mwezi, yaani wa upande ule ambako mwezi mwandamo huonekana jua linapotua. Wapo wanaosema tu kwamba ni watu wa magharibi. Fasiri hizo mbili zinakaribiana, kwa maana mtu aliyesimama pwani hutazama magharibi ili auone mwezi mwandamo, na huko magharibi ndiko wapagazi walikotokea.

Jina hilo laweza kuwa la kale sana. Mwaka 1591 Filippo Pigafetta alichapisha mjini Roma kitabu juu ya Kongo, akitumia habari alizopewa na Mreno Duarte Lopes. Ndani yake mnatajwa ufalme mkubwa wa bara, ambao jina lake liliandikwa katika ramani za Ulaya kwa tahajia kama Monemugi. Wasomi wengi wameuhusisha ufalme huo na Unyamwezi, ingawa wengine wametilia shaka. Ikiwa wa kwanza wana haki, basi Ulaya ililisikia jina la watu hawa karne mbili na nusu kabla ya Mzungu yeyote kulala katika tembe zao.

Jina hili lilipata nguvu njiani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ina urefu wa kilometa zipatazo 1,200, na Tabora ilikuwa kituo chake kikuu. Katika karne ya 19 maelfu ya vijana wa huku waliisafiri kila mwaka, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kijana wa Unyanyembe na kijana wa Usumbwa walipoondoka makwao, walikuwa watu wa temi mbili tofauti. Walipofika Bagamoyo, wenyeji wa huko waliwaona ni wamoja: ni Wanyamwezi. Huko ugenini wakala pamoja, wakalala kambi moja, wakauguzana na kuzikana. Waliporudi nyumbani walikuwa na bidhaa mabegani na jina jipya midomoni. Jina walilopewa na wageni liliwafundisha kuona undugu ambao wao wenyewe hawakuwa wameupa jina.

Lakini si wote waliolibeba. Katikati ya karne ya 19 kundi la wafanyabiashara na wawindaji kutoka kaskazini magharibi mwa nchi hii, wakiongozwa na Msiri, lilihamia Katanga na kujenga dola kubwa huko, makao yake makuu yakiwa Bunkeya. Msiri aliuawa mwaka 1891, lakini wazao wa kundi lake wapo hadi leo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko hawaitwi Wanyamwezi, huitwa Bayeke. Mzizi wao ni wa huku kwetu, lakini kila tawi lilipokea jina lake mahali lilipochipua.

Sikio la mgeni na kalamu yake

Jina husafiri kwa mdomo, lakini hukaa kwa kalamu. Mgeni anayeandika asichokisikia vema huacha alama ya muda mrefu. Mnamo Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliufikia mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu hapa Unyanyembe, wakauandika kuwa Kazeh. Jina hilo likaingia katika ramani zilizochapishwa Ulaya. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika, alikana kwamba pana mji unaojulikana kwa jina hilo, naye akaandika Tabora. Hatuna haja ya kumhukumu yeyote. Kila mtu aliyewahi kusafiri anajua kwamba ukiuliza "hapa panaitwaje?", mmoja hukutajia kisima, mwingine hukutajia mtaa, wa tatu hukutajia nyumba ya tajiri iliyo mbele yenu. Neno Kazeh likatoweka katika ramani. Kuhusu Tabora, wazee husimulia kwamba jina hilo linatokana na matobolwa, yale viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa, chakula cha akiba kinachofaa sana kwa msafiri.

Mwaka uliofuata Speke aliondoka katika mji huo akaelekea kaskazini, akipita katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Nzega. Mwanzoni mwa Agosti 1858 alisimama karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, akalitazama ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, yaani maji makuu, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Waganda upande wa pili walikuwa na jina lao, Nalubaale. Jina la malkia ndilo lililobaki katika vitabu vya shule, na la Nyanza likabaki midomoni mwa wavuvi na wakulima.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa mtemi aliyefariki mwaka 1884, ambaye habari zake zilifika hadi Ulaya. Vitabu vingi humwandika Mirambo. Hapa Tabora pana shule ya sekondari yenye jina lake, nayo inaandikwa Milambo. Wilaya iliyobeba kumbukumbu yake inaandikwa Urambo. Sababu ni kwamba ulimi wa Kinyamwezi hautenganishi "r" na "l" kama Kiswahili kinavyofanya. Mgeni mmoja alisikia hivi, mwingine akasikia vile, na kila mmoja akaandika alivyosikia. Tena hilo lenyewe si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la vita alilolipata ukubwani, na linafahamika kuwa na maana ya maiti. Mtu mmoja, jina la vita, tahajia mbili, na jina la utotoni ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia.

Kanisa nalo lina majina ya kupewa

Tusidhani kwamba Mama Kanisa alisimama nje ya mambo haya. Wamisionari wa kwanza wa Kardinali Lavigerie walipita Tabora mwaka 1878, wakagawanyika, wengine wakielekea Ujiji na wengine Buganda. Mwaka 1887 Kiti Kitakatifu kiliunda Vikarieti ya Kitume ya huku, na jina lake likawa Unyanyembe. Mwaka 1925 jina likabadilishwa kuwa Tabora, na mwaka 1953 Tabora ikawa Jimbo Kuu.

Mtu aweza kusema kwa haraka kwamba jina la kwanza lilikuwa la wenyeji na la pili la wageni. Tutazame vizuri zaidi. Unyanyembe ulikuwa utemi mmoja tu kati ya temi nyingi. Mwamini wa Ushirombo au wa Ndala, aliyehesabiwa ndani ya vikarieti hiyo, hakuwa Mnyanyembe hata siku moja. Kwake yeye, Unyanyembe lilikuwa jina la watu wengine kama lilivyo Tabora. Kufikia mwaka 1925 reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Tabora tangu 1912, na mji ndio ulikuwa alama inayofahamika na wote. Kwa hiyo si rahisi daima kusema lipi ni jina la ndani na lipi ni la nje. Jina la ndani kwa mmoja laweza kuwa la nje kwa ndugu yake wa kijiji cha pili.

Hata wamisionari wenyewe walipewa jina. Shirika lao, lililoanzishwa Algiers mwaka 1868, huitwa rasmi Wamisionari wa Afrika. Watu walipoziona kanzu zao nyeupe waliwaita Mapadre Weupe, na jina hilo likashika kiasi kwamba wazee wetu wengi hawajui jingine. Leo wengi wa wanashirika hao ni Waafrika, nao bado huitwa Mapadre Weupe. Maana jina lilikuwa la kanzu, halikuwa la ngozi.

Tupande sasa hadi chanzo chenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, aya ya 26, kinatueleza kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia. Kinasema waliitwa, hakisemi kwamba walijiita. Wao kwa wao walikuwa wanafunzi, ndugu, watakatifu, au watu wa ile Njia. Wengine waliwaita kwa dharau madhehebu ya Wanazareti. Jina la Wakristo latokea mara tatu tu katika Agano Jipya lote, na mara moja kati ya hizo linatoka kinywani mwa mfalme Agripa, aliyekuwa mtu wa nje akisema na Paulo aliyefungwa. Lakini katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, mtume anawafundisha waamini wasione haya kuteswa kwa jina hilo, bali wamtukuze Mungu kwalo. Hapo jina la watu wa nje limepokelewa, limetakaswa na kufanywa taji. Sisi sote tuliobatizwa tunabeba jina ambalo mababu zetu katika imani walipewa na majirani wasioamini.

Kwa msingi huo hatuwezi kufundisha kwamba kila jina litokalo nje ni uonevu. Tungefanya hivyo, tungelazimika kuliacha jina letu tukufu kuliko yote. Tunalofundisha ni kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mwenye kuitwa. Yeye ndiye mwenye haki ya kulipokea jina au kulikataa, na upendo hudai tumsikilize.

Pale jina linapojeruhi

Yapo majina ambayo hayajapokelewa, na tunaendelea kuyatumia. Katika Wilaya za Igunga na Nzega tunaishi na ndugu wafugaji ambao majirani huwaita Wataturu. Wao wenyewe hujiita Datooga. Wamasai, waliopigana nao zamani kwa ajili ya malisho na mifugo, waliwapa jina la Mang'ati, ambalo maana yake ni adui. Jina hilo limeenea mbali, na watu wengi hulitamka bila kujua maana yake. Hebu tufikiri: mtoto anakua akiitwa adui na watu ambao hawajawahi kugombana naye. Akifika kanisani, mahali tunapohubiri kuwapenda adui, akaitwa kwa jina hilohilo, atajifunza nini juu yetu? Kutokujua kwetu hakumwondolei yeye maumivu.

Mfano wa pili uko Ulyankulu. Baada ya machafuko ya mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia kutoka Burundi, wakapokelewa katika makazi ya Ulyankulu hapa Tabora, na ya Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka msitu, wakalima, wakajenga makanisa, wakabatiza watoto na wajukuu. Mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwao. Sheria ikawaita Watanzania. Lakini katika minada, katika foleni za zahanati, na hata katika mazungumzo ya waamini baada ya Misa, neno "mkimbizi" bado linasikika. Mtu aliyezaliwa hapa, ambaye hajawahi kukimbia popote, anaitwa mkimbizi kwa sababu ya safari ya babu yake. Jina lililoeleza kweli fulani mwaka 1972 leo halielezi kweli yoyote. Linabaki kumkumbusha tu kwamba sisi hatujamaliza kumpokea.

Mwingine atasema kwamba huo ni utani tu. Utani ni hazina yetu, nasi hatuudharau. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita katika nchi za watu njia nzima hadi pwani, utani uliwageuza wageni kuwa ndugu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukucheka, na mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kukuhifadhi safarini na kufika msibani kwako. Ruhusa na wajibu vilikwenda pamoja. Basi anayependa kumtania jirani yake kwa jina ajiulize kwanza kama yuko tayari kwenda kumzika. Kama hayuko tayari, huo si utani. Ni matusi yaliyovaa nguo ya kuazima.

Tufanye nini katika parokia zetu?

Kwanza, tuulize. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo anapopokea familia iliyohamia, amwulize baba au mama: "Mngependa tuwaiteje?" Swali hilo halina gharama, na mara nyingi ndilo tendo la kwanza la ukarimu ambalo mgeni huyo ataonjeshwa mahali papya. Tukifanya hivyo, makatekista nao wataacha kutumia katika mafundisho majina ya makabila kama vielelezo vya ujinga, uchoyo au ukorofi.

Pili, tutunze daftari. Sheria za Kanisa, kanuni ya 877, zinatutaka tuandike kwa uangalifu majina ya wabatizwa, wazazi na wasimamizi, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa na ya ubatizo. Anayeandika asifuate sikio lake peke yake. Amsomee mzazi kile alichoandika kabla ya kufunga ukurasa. Kama ni Milambo, iandikwe Milambo. Kama familia yataka Mirambo, iandikwe hivyo, na iandikwe vivyo hivyo katika vyeti vyote vitakavyofuata. Kila anayefanya kazi katika ofisi ya parokia anajua taabu ya mtu anayekuja kutafuta cheti baada ya miaka 30, herufi moja ikamzuia. Mahali pa kuzaliwa pia paandikwe kwa jina la kijiji na kitongoji, isitoshe kuandika "Nzega" au "Tabora".

Tatu, tusifute jina la nyumbani kwa jina la ubatizo. Kanuni ya 855 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa maana ya Kikristo. Haidai kwamba jina la Kinyamwezi litupwe. Kulwa na Doto waliozaliwa mapacha wabaki kuwa Kulwa na Doto. Tunaye shahidi mkubwa wa jambo hili jirani yetu huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, alitekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu na kuwafundisha watu kama tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Utumwa ulimnyang'anya wazazi, nchi na lugha. Ubatizo ulimpa jina la Adrian bila kumwondolea Atiman, na hadi leo tunamkumbuka kwa yote mawili.

Nne, tunapoanzisha kigango kipya na kukiweka chini ya ulinzi wa mtakatifu, tuliache jina la mahali likae kando ya jina la mtakatifu. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu wengi walihamishwa kwenda katika vijiji vipya, na majina mengi ya mahali pa kale yakabaki kwa wazee tu: majina ya vilima, mabonde, visima na mahame. Wazee hao wanapungua. Vijana wetu wa VIWAWA wakichukua daftari na kuketi na babu na bibi, wakaandika majina hayo pamoja na maana zake, watakuwa wameitendea haki nchi yao. Nao watakuwa wametimiza kwa namna njema ile amri ya nne ya kuwaheshimu wazazi.

Kwa sauti anayoijua

Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, Bwana wetu anajifananisha na mchungaji anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina, nao humfuata kwa kuwa wanaijua sauti yake. Wafugaji wa Nzega wanaelewa fumbo hili kuliko wengi wetu, maana ng'ombe wao wana majina, na ng'ombe hageuki akiitwa kwa jina lisilo lake. Asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena hakumtambua Bwana mpaka alipotajiwa jina lake. Na siku ya Pentekoste, Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wa mataifa yote waliokuwapo Yerusalemu waelewe lugha moja. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Hivyo ndivyo Mungu anavyopenda kuwafikia watu, nasi tuliotumwa naye hatuna njia bora kuliko yake.

Mtu wa Puge ataendelea kuitwa Msukuma akiwa Tabora na Mdakama akiwa Mwanza, na hapo hapana dhambi. Pande za dunia zitabaki mahali pake. Tunachowaomba, wapendwa waamini, ni kwamba Dominika ijayo, mnapotakiana amani na yule aketiye karibu nanyi ambaye mmezoea kumwita kwa jina la kabila lake, la kijiji chake au la safari ya babu yake, mmwulize anaitwa nani. Kisha mlishike jina atakalowatajia, na siku mtakayokutana naye sokoni mmwite kwa jina hilo.

Mungu awabariki nyote.